Aliyekasirika Kwanza

Naapa mbele ya Mungu, mbele ya wazee wetu waliolala Chiola, na mbele ya Zulfa, fundi simu wa soko la Nachingwea ambaye ndiye mwamuzi wa shauri hili, kwamba kila neno lililomo kwenye karatasi hizi ni kweli tupu. Sikuongeza chumvi hata ya kuonjea. Palipoandikwa kwamba gari liliruka, liliruka. Palipoandikwa kwamba mtu alikunja uso, aliukunja. Na yaliyokuwa moyoni mwa Koleta siku ile nayajua kwa sababu aliyatangaza mwenyewe baadaye, katikati ya soko, na wauza dagaa wote waliacha kuuza wakamsikiliza.

Basi, Koleta alikuwa na gari. Si gari la kupanda mtu. Lilikuwa bagi, gari dogo la mbio za vumbi linaloendeshwa kwa rimoti, urefu wake kutoka kiwiko cha mtu mzima hadi ncha za vidole, matairi yana meno, na shokapu nne zimesimama nje kama miguu ya panzi. Binti yake Valentina alimnunulia mtumba Dar es Salaam mwaka ule alipostaafu ufundi wa mashine za kubangulia korosho, akidhani mama atalichezea wiki moja kisha atawapa wajukuu. Miaka minne ikapita na wajukuu walikuwa hawajaruhusiwa hata kulishika. Koleta alilipa jina Nyigu, kwa mlio wake na kwa rangi yake ya njano, na tangu hapo akawa anamsema Nyigu kama mtu anavyomsema mpangaji wake.

Kila Jumapili akitoka misa ya kwanza alitandika kitenge kuukuu mezani, akavaa miwani juu ya miwani, akamvua Nyigu nguo zote. Udongo wa huku ni mwekundu na laini kama poda, unaingia hata pasipoingia maji. Kwa hiyo alianza na brashi ya rangi, akapangusa kila kona. Kisha akatoa beringi, akaziosha kwa petroli kwenye kifuniko cha chupa, akazidondoshea mafuta ya cherehani, kila moja tone moja, si mawili. Kati ya gia ndogo ya mota na gia kubwa alipitisha kipande cha karatasi ya daftari. Kikitoka kimekunjamana bila kuchanika, gia zimekaana vizuri. Tumbo la gari liwe juu kiasi gani kutoka chini alipima kwa kiberiti kilichosimamishwa ubavu. Betri haikulala imejaa wala haikulala tupu. Ililala nusu, ndani ya chungu chenye mchanga, maana betri za namna ile zikiudhiwa zinawaka.

Lakini roho ya bagi iko kwenye shokapu. Ndani ya kila shokapu mna mafuta mazito ya silikoni, yana namba yake, na namba hiyo ndiyo inayoamua gari likitua litatulia au litadunda kama mpira. Mafuta hayo Koleta alikuwa nayo chupa moja tu, chupa nyeusi ndogo kama ya dawa ya kikohozi, aliyotumiwa na Valentina. Ukizunguka wilaya zote mbili, Nachingwea na Ruangwa, hukuti nyingine.

Huko Ruangwa aliishi Dastani, mtoto wa shangazi yake Koleta. Mtu mrefu huyu, mpole, mwenye sauti ya kuongoza novena, dereva mstaafu wa greda ambaye barabara alizozichonga enzi zake bado zinang'aa mpaka tembo wa kule Kilimarondo wanazikwepa wasizichafue. Naye alikuwa na bagi, ndugu pacha wa Nyigu, kutoka kwa muuzaji yuleyule, ila yeye alilipaka rangi nyeusi akaliita Mheshimiwa.

Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Mtani anaweza kukuita mke wake mbele ya mumeo, anaweza kuvichukua viatu vyako msibani akavinadi, anaweza kula ugali wako huku akiutukana mchuzi. Kazi yako wewe ni kucheka. Ukikasirika umeshindwa, na aliyeshindwa hutozwa. Sasa mwezi wa sita, kwenye kumbukumbu ya babu yao kule Chiola, Dastani alimwona Koleta akimkaripia mpishi kwa sababu ya wali ulioungua, akamwambia mbele za watu:

"Mke wangu, hizo hasira ungezitia kwenye betri, Nyigu angefika Lindi."

"Hasira zangu zimekukosea nini wewe mla vya watu?"

"Hazijanikosea. Nazihesabu tu. Tuwekeane: kuanzia leo mpaka mbio za bagi za Ruangwa ziishe, kati yangu na wewe atakayekasirika kwanza anampa mwenzake bagi lake."

Watu wakaguna. Koleta angekataa, ingeonekana amekwishakasirika. Akamwita Zulfa, ambaye alikuja kwenye kumbukumbu kama jirani na si ndugu wa yeyote, wakamfanya mwamuzi. Zulfa akauliza hasira ni nini, maana mtu anaweza kuwa nayo rohoni na asionekane. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Wakakubaliana: kupaza sauti bila kucheka, kutukana bila kucheka, kurusha kitu, au kuondoka bila kuaga. Ya rohoni ni ya mtu na Mungu wake.

Wiki mbili baadaye Dastani akaja Nachingwea na pikipiki, akapiga hodi, akaomba aazimwe yale mafuta ya silikoni. Mtani akiomba hunyimwi. Koleta akampa shingo upande, akamwambia atumie kidogo. Siku ya tatu chupa ikarudi, na ilikuwa imejaa kuliko ilivyoondoka. Sasa nikuulize msomaji, ni nani huazima kitu akakirudisha kimezidi? Mtu mwema tu.

Koleta hakuitazama ile chupa mara mbili. Ulikuwa msimu wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Kwa siku kumi mfululizo alikuwa shambani Chiola akipuliza salfa kwenye mikorosho yake, na anayejua salfa anajua: macho yanawaka kama umepakwa pilipili, pua inaziba, hata ukiletewa samaki aliyeoza unasema asante. Ijumaa mchana, siku moja kabla ya mbio, aliketi na Nyigu, akafungua shokapu zote nne, akamwaga mafuta ya zamani, akajaza mapya kutoka chupa nyeusi. Akazipandisha na kuzishusha taratibu mpaka mapovu yakaisha. Akafunga. Akaandika kwenye daftari lake: shokapu, mafuta mapya, safi.

Jumamosi asubuhi akapakia Nyigu ndani ya ndoo yenye mfuniko, akapanda pikipiki ya kukodi, akaingia Ruangwa jua likiwa bado changa.

Uwanja ulikuwa shamba la ufuta lililokwisha kuvunwa, njia ya kwenda Namungo. Dastani mwenyewe ndiye aliyeutengeneza kwa jembe na reki, na kwa mkono ule wa greda, basi: kona saba, tuta moja kubwa la kurukia, na upande mmoja mabaki ya mashina ya ufuta yamesimama kama misumari. Siku hiyo hapakuwa na mechi ya mpira, kwa hiyo watu walijaa, wachimbaji na kofia zao, akina mama na mabeseni ya karanga. Magari yalikuwa matano. Madereva walisimama juu ya tela la trekta ili waone uwanja wote. Zulfa alipewa filimbi.

Mzunguko wa kwanza wa majaribio kulikuwa na ubaridi na Nyigu alikwenda vizuri. Wa pili, saa nne, jua limeanza kuchoma, akaanza kurukaruka kama ameota miguu. Kwenye tuta alitua akadunda, akadunda tena, akalala kwenye mashina ya ufuta tumbo juu, magurudumu yanazunguka hewani. Koleta akampungia Zulfa amsimamishe. Mzunguko wa tatu vivyo hivyo. Kwenye kona, pua ilizama upande mmoja kama mtu aliyekanyaga shimo gizani.

"Binamu," Dastani akaita kwa upole kutoka mwisho wa tela, "leo umelileta limelewa?"

Watu wakacheka. Koleta naye akacheka, kwa meno. Akashuka, akamchukua Nyigu, akamweka kwenye meza ya magunia na kumkagua. Aliligusa kila tairi. Supagluu inayoyashika kwenye rimu haijaachia. Akapitisha karatasi kwenye gia. Sawa. Akajaribu kusimamisha kiberiti chini ya tumbo, na hapo akaona hakiingii, gari limekaa kama kuku anayeatamia. Akabonyeza nyuma. Ikashuka bila ubishi wowote, ikarudi juu kwa pupa.

Alipoinua mkono, vidole vilikuwa vinateleza.

Akaenda kwa Zulfa kuuliza kama ana kitambaa. Aliporudi, hata dakika tatu hazijaisha, palikuwa na sisimizi. Walitokea ardhini, wakapanda mguu wa meza kwa mstari ulionyooka kama foleni ya benki, wakavuka gunia, wakapanda tairi la nyuma la Nyigu, wakajazana kwenye shokapu. Wengine walikuwa wamekwishaanza kurudi chini wameshiba.

Mama mmoja mwenye beseni akasogea, akainama, akanusa. Pua yake haikuwa na salfa.

"Mbona gari lako linanukia mafuta ya ufuta, dada? Tena haya ni ya msimu huu."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Watu walikaa chini. Mchimbaji mmoja alivua kofia akajifunika uso. Ruangwa nzima ilielewa mara moja, kwa sababu mafuta ya ufuta kila mtu anayo nyumbani, na kila mtu anajua yakipata joto yanakuwa mepesi kama maji.

Koleta alisimama. Hasira ilianzia magotini. Ilipanda mapajani, ikafika tumboni ikakaa kidogo, ikachukua nguvu, ikapanda shingoni, na pale shingoni akaifungia njia. Jino lake la nyuma lilianza kumuuma. Alifikiria zile Jumapili zote, tone moja, si mawili. Alifikiria mafuta yanavyovimbisha ile mipira midogo ndani ya shokapu, yanavyovuja sasa hivi wakati watu wanacheka, mipira ambayo hakuna duka la kuiuza hata Mtwara. Aliifikiria chupa iliyorudi imejaa, na jinsi alivyomshukuru mtu yule mlangoni pake, tena akampa maembe makavu ya kupelekea wajukuu. Alitaka kuipindua meza. Alitaka kumshika Dastani kola akamlaze kwenye yale mashina ya ufuta amburute kona zote saba.

"Nyigu ameanza kufuga," Dastani akasema. "Hongera mke wangu. Mwakani tutachinja."

Zulfa alikuwa anamtazama Koleta usoni. Filimbi ilikuwa mdomoni. Kila mtu alikuwa anamtazama usoni.

"Mume wangu ananipenda," Koleta akasema, na sauti yake ilitoka nyembamba kama uzi. "Ameniwekea gari langu kwenye mboga."

Akacheka. Kicheko kile, waliokuwepo wanakisema hadi leo. Hakikuwa na furaha hata punje, lakini kilikuwa kicheko, na Zulfa akaiondoa filimbi mdomoni.

Sasa Koleta akainama kupangusa sisimizi, akawapangusa mmoja mmoja kwa brashi, polepole. Alisema baadaye kwamba alikuwa anahesabu skrubu za gari ili asiseme neno. Alifika skrubu ya kumi na tisa ndipo akili ilipomrudia. Chupa yake ilikwenda Ruangwa na silikoni, ikarudi na ufuta. Silikoni ilikuwa wapi? Mafuta hayamwagwi tu. Akageuka, akamtazama Mheshimiwa kwenye meza ya pili, mweusi, amekaa vizuri kwa urefu unaotakiwa, hadundi, havuji, na hata sisimizi mmoja hakumsogelea.

Hasira ikamjia upya, mara mbili ya ile ya kwanza. Ila sasa ilikuwa na pa kwenda.

Akachukua bisibisi yake. Akatembea mpaka kwenye meza ya Dastani akiwa anatabasamu, akamlaza Mheshimiwa chali, akaanza kumfungua shokapu.

"Binamu, unafanya nini?"

"Nachukua vya mume wangu. Kwani vya mume si vya mke?"

Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili. Mheshimiwa akainama upande kama mzee aliyepokonywa fimbo. Watu wakaacha kumcheka Koleta wakaanza kumcheka mwingine, bila hata kupumzika katikati. Na hapa naomba msomaji aangalie tabia ya Dastani. Mtu mwingine angefoka. Dastani, mwenye moyo ule wa malaika, alicheka akashika kiuno, akasema, "Chukua, mama, chukua zote, hata na rimoti ukitaka." Sauti haikupanda. Mkono haukutikisika. Kama jasho lilimtoka, lilikuwa jua.

Koleta akazibeba shokapu zote nne kwenye kiganja, akazifunga kwa Nyigu, na zile za ufuta akampelekea Dastani na kumwekea mezani. Magari ni pacha, kila kitu kinaingia. Kisha akapima kiberiti chake. Nyigu alikaa sawa.

"Umebakiwa na dakika kumi," akamwambia. "Na ukishafunga uoshe mikono, usije ukanichafulia gari nikikupita."

Ndipo fainali ikaanza. Zulfa alipuliza filimbi, kisha akakimbilia kule nyuma ya tuta kubwa, kazi yake ikiwa kuyasimamisha magari yaliyopinduka, na kwa hiyo sehemu iliyobaki hakuiona kwa macho. Vumbi lilikuwa jekundu na zito. Madereva watano juu ya tela walikuwa wanapiga chafya, na watu wote walikuwa wanatazama magari, hakuna aliyekuwa anatazama nyuso.

Nyigu alitangulia. Koleta alimwendesha kwa meno yaliyobanwa, kila kona akimwona Dastani mbele yake badala ya kona, na kila kona akiipita kwa ndani. Mheshimiwa alimfuata, anadunda, anayumba, shokapu zinatema ufuta kila akitua, lakini mkono uliokuwa nyuma yake ulikuwa mkono wa greda. Raundi ya tano, ya sita, ya saba. Raundi ya mwisho wakalifikia tuta wameongozana. Na hapa ndipo naapa kwa mara ya pili: yale mafuta ya ufuta, kwa kuwa yalikuwa mepesi, yalimrusha Mheshimiwa juu kuliko gari lolote lililowahi kurushwa katika mkoa huu. Alipanda mpaka mwewe aliyekuwa anazunguka pale juu akakata kona kumpisha. Akakaa angani muda wa mtu kusalimia na kuitikiwa. Akatua mbele ya Nyigu, akadunda mara moja tu, akavuka mstari.

Na ndipo Koleta, aliyekuwa amevumilia tangu asubuhi, akashindwa. Alipaza sauti bila kucheka. Alimwita Dastani mwizi wa chupa, bila kucheka. Akaichukua rimoti yake akaipiga chini, ikatua kwenye chuma cha tela, kile kigurudumu cha kukatia kona kikakatika kikaruka kwenye beseni la karanga. Zulfa aliisikia sauti kutoka nyuma ya tuta ila hakuitambua ni ya nani, maana hasira ikizidi sauti zote hufanana. Alipofika, wa Ruangwa wote walikuwa wanasema ni Koleta, wa Nachingwea wote wanasema ni Dastani. Hata kuhusu nani amevuka mstari kwanza walisema hivyohivyo. Akaamua kila upande uandike ushahidi wake, na baada ya wiki tatu magari yote mawili yaletwe mezani kwake sokoni.

Huu ndio ushahidi. Koleta alikasirika kwanza, kwa kupaza sauti, kwa kutukana na kwa kurusha kitu. Nyigu ni wa Dastani. Nimemaliza.

*

Karatasi niliyoipeleka iliishia hapo. Hii iliyobaki naiandika chini yake kwa amri ya Zulfa, ambaye amesimama nyuma ya bega langu, na amesema nikitumia tena neno malaika atanichania nianze upya.

Leo asubuhi nilifika sokoni na Mheshimiwa ndani ya kikapu. Koleta alikuwa amekwishafika, amekaa kwenye stuli, Nyigu kapakatwa. Zulfa akazisoma karatasi zangu zote, hakuruka mstari, akawa anarudia pale kwenye mwewe. Ushahidi wa Koleta ulikuwa nusu ukurasa.

"Shikamoo mzee Dastani," akaniambia alipomaliza.

"Marahaba, mwanangu."

"Umeandika vizuri. Umejisifu kama unagombea, lakini umeandika vizuri. Hapa pa rimoti ndipo sijapaelewa. Aliyeirusha ni mama Valentina?"

"Mbele ya macho yangu haya mawili."

"Kigurudumu kikakatika."

"Kikaingia kwenye karanga."

Zulfa akamgeukia Koleta. Koleta akafungua ndoo yake, akatoa rimoti, akaiweka mezani. Ilikuwa nzima, na kigurudumu kikizunguka vizuri.

"Kaitengeneza," nikasema. "Ni fundi huyu, humjui. Wiki tatu hizi, mtu kama yeye anatengeneza hata treni."

"Inawezekana," Zulfa akasema. Akavuta mtoto wa meza akatoa rimoti nyingine, ya namna ileile, kigurudumu kimeunganishwa kwa gundi na pini, kazi nzuri, mshono hauonekani. "Hii nililetewa Jumanne na kondakta wa basi la Ruangwa. Aliniambia ni ya mzee mmoja anaitwa Saturnini, anakaa Namungo. Unamfahamu?"

"Saturnini? Tunafahamiana kwa mbali."

"Ana bagi?"

"Nadhani ana la kuazima."

Wauza dagaa walikuwa wamekwishasogea. Zulfa akaomba nimtoe Mheshimiwa kwenye kikapu. Nikamtoa, ningefanyaje. Akachomeka betri, akamweka mezani kati ya simu zilizofunguliwa matumbo. Akaiwasha ile rimoti ya Saturnini. Unajua, na mimi nilijua, na Koleta alijua tangu zamani, kwamba kila rimoti imefungwa na gari lake na haisikilizwi na jingine. Akakisukuma kigurudumu kulia. Magurudumu ya mbele ya Mheshimiwa yakatazama kulia. Akakisukuma kushoto, yakatazama kushoto. Kisha akabonyeza kidogo, na Mheshimiwa akatembea mwenyewe juu ya meza, taratibu, anadundadunda kwa ajili ya ule ufuta, akaenda kusimama mbele ya magoti ya Koleta.

Zulfa akaizima rimoti. Akanisogezea kalamu.

"Haya, mzee," Zulfa akasema. "Andika."

Naandika. Mheshimiwa hakumpita mwewe. Alidunda kwenye tuta, akapinduka, akatulia kwenye mashina, Nyigu akampita kwa ndani akavuka mstari peke yake. Koleta hakupaza sauti. Alinigeukia akiwa anacheka akasema, "Pole mume wangu, safari nyingine tia na kitunguu." Ndipo mimi Dastani nikapaza sauti, nikatukana, nikarusha rimoti, hiyohiyo niliyoileta kutengenezwa kwa jina la Saturnini, tena nikaondoka bila kuaga. Yote manne. Hata pale mezani, alipokuwa anazifungua shokapu, nilimfokea mara mbili aziweke chini na sikucheka, ila kelele za watu zilinisitiri.

"Ulidhani sikukasirika?" Koleta akaniuliza hapo sokoni. Hakuwa anacheka sasa, muda wa mapatano umekwisha, na kidole chake kilikuwa puani pangu. "Nilikasirika mpaka leo silali vizuri. Ile mipira ya shokapu nitaipata wapi, wewe? Nilikukaribisha kwangu. Nilikupa maembe. Nilitaka kukuua, Dastani, nilitaka kukuua na jembe lako mwenyewe, ila mkono ulikuwa umeshika bisibisi." Akayasema yote, tangu magotini mpaka jino, na ndipo nilipoyapata kamili niliyoyasikia kwa vipande siku zile akiwasimulia wauza dagaa. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa nimemvunjia kitu kisichouzwa dukani kwa ajili ya kuchekesha watu.

Alipomaliza akavuta pumzi, akanyoosha mkono. Nikamkabidhi Mheshimiwa kwa mikono miwili, na rimoti yake, na chaja, na zile springi mbili za akiba ambazo hakuziuliza ila Zulfa alinitazama. Nikavibeba mwenyewe mpaka kwenye pikipiki aliyokodi, nikafunga ndoo kwa mpira wa baiskeli, nikakaza.

"Cheka basi," Koleta akasema akiwa amekwishapanda.

Nikacheka. Nilicheka mpaka walipopotea nyuma ya malori ya mbaazi, kisha nikarudi kwa Zulfa kumalizia kuandika.